Mashine ya Haloo Ikipona

Mume wangu hajui kukaa. Nimeishi naye miaka thelathini na moja na bado sijamwona ametulia kwenye kiti mpaka kiti kikapata joto. Atakaa, atagusa mguu wa meza, atasema "hii inacheza," atainuka kutafuta bisibisi, na chai itapoa. Niliwahi kumwambia kwamba siku akifa itabidi tumzike amesimama. Akanijibu, bila hata kutabasamu, kwamba basi tuhakikishe kaburi limepigwa pima maji.

Mtaani wanamwita Haloo. Jina alilipata kazini, enzi za mitambo ya simu ya zamani, kabla kila mtu hajatembea na simu yake mfukoni. Alikuwa fundi wa mtambo. Jengo zima lilijaa makabati, na kila kabati lilijaa rilei, vile vidude vidogo vya chuma na waya vinavyojibana na kujiachia kila mtu anapozungusha namba. Kazi yake ilikuwa kutembea katikati ya makabati akisikiliza. Rilei moja ikigoma kati ya maelfu, yeye aliisikia. Kisha alichomeka simu yake ya majaribio na kusema, "Haloo, haloo, moja mbili," mchana kutwa, mpaka hata sokoni akipokea nyanya alisema haloo. Mimi wananiita Mama Pindo, kwa sababu ni fundi cherehani, na pindo nililolishona mimi halifumuki hata nguo yenyewe ichakae. Nasema hivyo bila haya. Kila mtu ana kitu kimoja anachokijua.

Halafu yakaja makabati mawili mapya, madogo kama friji, yakafanya kazi ya jengo lote, tena kimyakimya. Rilei zote zikapelekwa kwenye vyuma chakavu. Haloo alirudi nyumbani na cheti cha shukrani na birika la umeme, na hilo birika alilifungua siku hiyohiyo kuona lilivyo ndani. Kwa miezi minne alitengeneza kila kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Bawaba za milango zilikazwa mpaka milango ikagoma kufunguka. Na siku moja, saa nne asubuhi, alichukua begi lake la vifaa akaondoka. Hakuniaga. Alikaa huko miezi kumi na moja. Mara tulisikia yuko kwenye jenereta ya hoteli fulani, mara yuko kiwanda cha unga, mara kahama tena. Kisha siku moja akaingia, amekonda, akaweka begi nyuma ya mlango na kuuliza kama bomba la jikoni bado linadondosha maji. Nikamwambia linadondosha. Akaenda kulitengeneza.

Hatukuzungumza zaidi ya hapo. Watu walinisifu kwa uvumilivu wangu. Haukuwa uvumilivu, ilikuwa hasira iliyovalishwa nguo nzuri. Na chini ya hasira kulikuwa na hofu, nayo ilikuwa ya kitu kimoja tu: kwamba ataondoka tena, na safari hiyo hatarudi. Kila nilipoamka niliangalia lile begi kabla sijaangalia saa.

Mashine ilikuja mwezi wa tatu baada ya yeye kurudi. Karibu na stendi kulikuwa na ukumbi wa michezo uliokuwa unafungwa, na mwenye ukumbi alimwita Haloo akate nyaya za zamani. Huko pembeni, chini ya turubai, akakuta kitu ambacho hakijawaka kwa miaka mingi. Akafungua kifuniko cha nyuma. Alirudi nyumbani akikimbia, mtu mzima na mvi zake.

"Mama," akasema akihema, "ina rilei!"

Alisema hivyo kama mtu anayesema fulani kumbe yu hai. Mwenye ukumbi alikuwa amemwambia aichukue tu, mradi aiondoe kabla ya jioni. Wapagazi wanne waliipandisha ngazi mpaka ghorofa ya pili, wakaiegemeza ukutani sebuleni, mahali palipokuwa na meza yangu ya kukatia vitambaa. Nilipiga kelele. Nilisema maneno mengi kuhusu wanaume na takataka. Nadhani hakusikia hata moja, alikuwa tayari yuko chini anafunga miguu.

Ngoja niieleze, maana wateja wangu wengine hudhani ni jokofu la nyama. Ni sanduku refu la mbao lenye miguu minne ya chuma, limeinama kidogo kuelekea kwa mchezaji. Juu lina kioo, na chini ya kioo kuna uwanja. Gololi ya chuma inarushwa kwa springi, inapanda hadi juu, kisha inateremka ikigongana na vichwa vitatu mfano wa uyoga, na kila ikivigusa vinaipiga teke. Chini kabisa kuna vibao viwili unavyovichezesha kwa vidole, kuizuia gololi isitumbukie shimoni. Kila inapogonga kitu, kengele inalia, na magurudumu ya tarakimu yanazunguka kwenye ubao uliosimama kichwani. Ubao huo una picha ya bendi ya matarumbeta. Mpigaji mmoja amebanduka rangi ya uso, kwa hiyo anapuliza bila kichwa. Hakuna kompyuta ndani yake, ni rilei arobaini na kitu, koili, mota moja, na waya ambazo ukizinyoosha zinafika mwisho wa mtaa. Inaitwa pinboli.

Alianza na miguu. Aliweka pima maji juu ya kioo akazungusha skrubu za miguu siku nzima, kwa sababu kumbe sakafu yetu inateremka kuelekea jikoni. Nimeishi humo miaka ishirini sijui, na tangu aniambie nikitembea najihisi nateleza. Akaja kwenye mipira, maana kila kona ya uwanja ina mpira wa kuirudisha gololi, na yote ilikuwa imekauka na kupasuka kama visigino. Akaja kwenye globu, akaja kwenye fyuzi, ambazo mwenye ukumbi alikuwa amezizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ili umeme upite hata zikikatika. Haloo alipoiona hiyo karatasi alikaa chini. Alisema mtu wa namna hiyo asingeruhusiwa kumiliki hata tochi.

Lakini moyo wa kazi ulikuwa pointi. Pointi ni vile vidomo viwili vinavyogusana ndani ya rilei ili umeme upite. Vikipata uchafu, au vikipinda hata kwa unene wa uzi, mashine inarukwa na akili. Kengele inalia peke yake, au gurudumu la mamia linakwama kwenye saba. Hazisuguliwi kwa msasa, zitalika. Haloo alikata kadi za zamani za mialiko ya harusi vipande vyembamba, akawa anapitisha kipande katikati ya vidomo, anavibana kidogo, anavuta polepole, na kadi inatoka na mstari mweusi. Harusi za nusu ya ukoo wetu zimeishia humo ndani, na baadhi ya hizo ndoa zimedumu kidogo kuliko pointi.

"Na sikiliza, bibie," aliniambia, kidole juu. "Mafuta, marufuku. Najua cherehani isipotiwa mafuta inakufa. Hii ikitiwa ndiyo inakufa. Usiisogelee na kile kikopo chako."

"Nani anataka kuisogelea?" nikamjibu.

Kila alichofanya alikiandika kwenye daftari la jalada gumu, kama walivyofanya kazini: tarehe, hitilafu, chanzo, tiba. Mwandiko wake ni wa kuku aliyekimbizwa, kwa hiyo sikuwahi kujisumbua kulisoma.

Basi kwa mwaka mzima nilikuwa na mume. Nilikaa kwenye cherehani yangu nikisikia koleo linaanguka chini ya mashine, naye anaitukana kwa upole, nikajua yuko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilitaka aendelee kuinama. Kucheza hachezi, anapima. Kila asubuhi anarusha gololi tano, anasikiliza, anaandika. Jirani wa chini alilalamika kuhusu kengele, akakatiwa vipande vya sponji ya mabega ya koti viwekwe chini ya miguu ya mashine, akanyamaza.

Tatizo ni kwamba Haloo ni fundi mzuri. Mashine ikapona.

Wiki ya kwanza bila hitilafu alifurahi. Wiki ya pili alifuta kioo mara mbili kwa siku. Wiki ya tatu alirusha gololi zake tano, akafunga daftari, akaenda dirishani. Akarudi, akaenda jikoni, akafungua bomba na kulifunga, akarudi dirishani. Siku iliyofuata alilitoa begi, akafuta koleo moja baada ya nyingine kwa kitambaa, akazipanga. Na siku ya tatu yake nikaona begi limesogea. Lilikuwa nyuma ya mlango, sasa lilikuwa kando ya mlango.

Mchana huo alipotoka kununua risasi ya kulehemu, nilifungua kifuniko cha nyuma cha mashine. Nilichukua kibano changu cha kutolea nyuzi, nikashika kidomo kimoja cha pointi, nikakipinda. Kwa unene wa uzi tu, sikuvunja kitu. Nikafunga, nikarudi kushona, na sindano ikanichoma kidole.

Alirudi, akarusha gololi, na gurudumu la makumi likakwama kwenye tatu.

"Ahaa!" akasema, kama aliyekutana na rafiki barabarani. Akalifuata begi kuchukua koleo, na alipomaliza akalirudisha nyuma ya mlango.

Nilifanya hivyo mara kumi na moja kwa mwaka mmoja na nusu, kila hitilafu za kweli zilipokawia kuja. Mara nyingine nililegeza skrubu, mara nyingine nilipinda pointi, wakati mmoja niliingiza kijipande cha kitambaa cheusi mahali ambapo hata mimi baadaye sikukiona. Ndani yake kuna timazi ndogo, kama ya waashi, inayouzima mchezo mtu akiitikisa mashine. Niliishusha kidogo tu, ikawa inazima kila lori linapopita barabarani. Hiyo ilimchukua siku nne. Nilijivunia, Mungu anisamehe.

Lakini usidhani nilistarehe. Nilihesabu siku ambazo mashine ni nzima kama wengine wanavyohesabu siku za homa. Nikifika siku ya kumi na tano silali vizuri, siku ya kumi na nane naangusha mikasi. Nilikata mkono wa shati la mtu mfupi kuliko mwenzake, mimi, Mama Pindo! Nilikuwa nainuka kwenye cherehani kila baada ya mshono mmoja, naenda mlangoni, narudi. Binti yetu, aliyeolewa mbali, aliniambia kwenye simu, "Mama, mbona siku hizi umekuwa kama baba? Kaa basi tuongee." Nikamwambia nimekaa. Nilikuwa nimesimama.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatatu, akaja bwana mmoja amevaa shati lenye nembo ya kampuni ya lifti. Alikuwa amemtafuta Haloo kwa wiki mbili. Kampuni yao ilihudumia majengo marefu ya zamani katika mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima, na lifti za majengo hayo bado zinaendeshwa kwa rilei. Vijana wao wakizifungua wanaziangalia kama watu wanaosoma gazeti la lugha ngeni. Walitaka mtu wa miezi sita, na huenda zaidi.

Haloo alimsikiliza akiwa wima, bila shaka. Niliona vidole vyake vinacheza kwenye mshono wa suruali. Mashine ilikuwa na siku kumi na tisa bila hitilafu.

"Nitakupa jibu Ijumaa," akasema.

Yule bwana alipoondoka, mume wangu aligeuka kwangu. "Umesikia?"

"Nimesikia," nikasema, nikaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Alisubiri kidogo. Kisha akaenda dirishani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini siku hiyo mshindo haukuja, tulikula tukaosha vyombo.

Jumanne alifuta koleo zake zote. Nikafikiri haraka. Pointi iliyopinda siku hizi anaipata kwa nusu saa. Nilihitaji hitilafu nzito, ya wiki kadhaa, ya kuvuka Ijumaa na kwenda mbele. Ndipo nikakumbuka mafuta. Na hapa nilifikiri kama fundi cherehani, siwezi kufikiri vingine. Kwangu mimi mafuta hayaharibu kitu. Ukizidisha, yanachafua kitambaa, unafuta, unaendelea kushona. Nikasema nitatia matone matatu, mashine itachafuka, atakaa mwezi mzima akiifuta, na hakuna kitakachoumia. Chini ya kila kimoja cha vile vichwa vya uyoga kuna chuma kinachoingia na kutoka ndani ya koili, yaani waya uliosukwa kama uzi kwenye bobini, ndicho kinachoipa gololi teke. Nikatia matone yangu hapo, kwa ncha ya kikopo, kwa upendo kabisa.

Jumatano mashine ilicheza vizuri kuliko siku zote. Nikaona hata mafuta yamenikataa.

Alhamisi asubuhi mafuta yalikuwa yameshachanganyika na vumbi la miaka hamsini yakawa uji. Haloo alikuwa kwenye gololi ya nne. Kichwa cha katikati kikapiga teke, chuma kikashuka nusu njia, kikanasa hapo. Kikishuka chote kinaukata umeme chenyewe, lakini hakikushuka chote. Nikasikia mlio mzito, kama nyuki waliofungiwa kwenye mtungi. Kisha harufu, kisha moshi mweusi ukaanza kutambaa chini ya kioo, juu ya uwanja. Fyuzi ilikatika imeshachelewa. Haloo aliruka akachomoa waya ukutani.

Nilibaki na mguu juu ya pedali. Kuipinda kwangu kulikuwa mchezo, lakini hii nilikuwa nimeichoma moto. Nilitaka kulia, na nilikuwa nimekasirika, sijui kwa nani.

Akatelezesha kioo nje, akanyanyua uwanja, akaingiza mkono. Akatoa kidole, akakinusa. Alikinusa muda mrefu. Hakuniangalia.

"Koili imekufa," akasema. "Haiuzwi popote. Itabidi isukwe upya."

Aliifungua ile koili iliyoungua, akawa anaizungusha waya wake nje, mzunguko mmoja mmoja, akiuhesabu mpaka mwisho. Elfu moja mia mbili na themanini. Akaenda kwa fundi wa kusuka mota, akarudi na waya mpya mwembamba kama unywele. Kisha akavuta kiti, akakiweka kando ya cherehani yangu, akakaa. Nasema akakaa.

"Nataka kile kidude chako cha kujazia uzi kwenye bobini," akasema. "Wewe zungusha gurudumu, polepole, bila kukatisha. Mimi nitaongoza waya na kuhesabu."

Tukaanza. Nilizungusha kwa mkono, yeye akiuachia waya upite katikati ya vidole viwili, akihesabu kwa sauti ya chini. Bega lake lilikuwa linagusa langu. Hatukuwa tumekaa hivyo tangu sijui lini. Alipofika mia tano nilifumba macho. Mikono yangu ilikuwa na kazi, nadhani ndiyo maana mdomo ukafunguka.

"Ni mimi," nikasema.

"Mia sita na kumi na mbili. Mia sita na kumi na tatu."

"Mafuta niliyatia mimi."

"Mia sita na kumi na nne. Najua. Zungusha."

"Na zile pointi. Na timazi."

"Bibie, utanipotezea hesabu."

"Na gurudumu la mamia, mwaka jana, mara mbili!"

Akausimamisha waya kwa kidole gumba. "Nimepotea," akasema. "Tulikuwa mia sita na ngapi?"

"Umesikia nilichosema?"

Aliinuka, akafunga ncha ya waya ili isifumuke, akaenda kuchukua daftari. Akalifungua mbele yangu, juu ya cherehani. "Soma."

Nilisoma ule mwandiko wa kuku. Chanzo: kutu. Chanzo: vumbi. Chanzo: mpira umechakaa. Kisha nikafika kwenye mstari wa siku ile ya gurudumu la makumi, tarehe naijua kama ya kuzaliwa kwangu. Chanzo: nyumbani. Nikageuza kurasa. Chanzo: nyumbani. Chanzo: nyumbani. Nilihesabu kumi na moja, hakuna hata moja iliyompita, na chini yake tarehe ya leo na neno hilohilo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akakaribia kucheka. "Pointi haijipindi yenyewe. Na kibano chako kina meno, kinaacha alama."

"Mwaka na nusu!" Nilipandwa na hasira, potelea mbali aliyekosa nani. "Mwaka na nusu unanitazama natokwa na jasho, nanyatia nyumbani mwangu kama panya, na wewe unajua? Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeacha."

"Si ndiyo maana yake!"

"Sikutaka uache." Alikuwa anautazama waya, si mimi. "Kila nikiikuta hitilafu yako, najua unataka nibaki. Hujawahi kuniambia kwa njia nyingine."

Nikamwambia asinipe maneno ya ajabu, yeye ndiye aliyeondoka, mimi nilikuwa hapa. Nilimwambia aliondoka kama mwizi, bila hata kuaga.

"Nilisimama pale," akasema, akionyesha mlango kwa kidevu. "Na begi mkononi. Ulikuwa unashona sare za shule, za buluu. Nikajiambia, akinyanyua uso tu, naliweka begi chini. Nikaanza kuhesabu. Unanijua, nahesabu. Nilifika mia mbili."

Sasa sina budi kusema nilichokificha tangu mwanzo wa habari hii, na nimewaficha wengi kabla yako. Nilimwona. Niliviona viatu vyake kwa pembe ya jicho, na begi likining'inia. Nilijua anasubiri. Nikasema moyoni, mwanamume anayetaka kwenda na aende, mimi sibembelezi mtu. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zaidi ili asidhani nimemsikia. Mlango ulipofungwa nilikuwa katikati ya mshono, nikaumalizia, na ulinyooka vizuri sana. Kisha kwa miezi kumi na moja niliwaambia watu kwamba nimeachwa bila kuagwa, wakanipa pole, nikazipokea zote.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitafuta cha kumlaumu, nikakikosa.

"Kesho Ijumaa," akasema.

Mara kumi na mbili nimeingiza mkono ndani ya mashine yenye umeme, na sikuwahi kuogopa kama nilivyoliogopa lile neno moja.

"Usiende," nikasema.

"Sema tena."

"Usinichoshe, wewe mwanamume. Usiende!"

Akakaa. Akaufumua waya wote tuliousuka, taratibu, akaunyoosha, akaufunga upya mwanzoni. Akaniambia nizungushe, naye akaanza kuhesabu tangu moja.

Ijumaa alimpigia bwana wa lifti mbele yangu, akamkatalia kwa adabu. Jumamosi alikuwa dirishani. Jumapili alitembea kutoka sebuleni hadi jikoni mpaka nikataka kumfunga mguu kwenye meza, na kwa muda mfupi nilijuta kusema lolote. Koili mpya inafanya kazi vizuri. Leo mashine ina siku thelathini na mbili bila hitilafu, haijawahi kufika hapo, na kibano changu nakitumia kwa nyuzi tu. Kupinda pointi ilikuwa kazi nyepesi. Ilichukua dakika moja, nikapumua wiki tatu. Neno linaishiwa nguvu asubuhi inayofuata, lazima ulitafute tena.

Juzi nilikuwa na mteja amesimama juu ya stuli, nampima pindo la gauni, pini zimejaa mdomoni. Nikaona Haloo anavaa viatu. Nikatema pini kwenye kiganja.

"Usiende," nikasema, mbele ya mtu wa watu.

Mteja akashtuka. Haloo akaona haya mpaka shingoni. "Naenda kununua mkate," akasema.

"Hata kama. Unarudi saa ngapi?"

"Saa tano."

Alirudi saa tano na nusu. Ile nusu saa niliimaliza dirishani, pini mkononi, na mteja wangu yuko juu ya stuli, pindo limefungwa upande mmoja, ananisubiri.